Kiapo cha 1791: Nani Aliligawa Kanisa la Ufaransa?

Katiba ya Kiraia ya Wakleri (sheria juu ya maaskofu na mapadre), iliyopitishwa na Bunge la Ufaransa tarehe 12 Julai 1790, ilipunguza majimbo ya kiaskofu hadi 83, moja kwa kila mkoa mpya, na kuagiza maaskofu na maparoko wachaguliwe kwa kura na walipwe na serikali. Mali ya Kanisa ilikuwa imeshatwaliwa tangu Novemba 1789 kwa ajili ya deni la taifa. Tarehe 27 Novemba 1790 Bunge likaongeza sharti: maaskofu na maparoko waape kuitetea katiba, na asiyeapa ahesabiwe amejiuzulu.

Mwanahistoria Timothy Tackett, katika utafiti uliotoka 1986, alikusanya majibu ya mapadre eneo kwa eneo. Maaskofu walioapa walikuwa 7 tu. Mapadre wa parokia walioapa walizidi nusu kidogo, ila wastani huo unaficha mengi: mkoani Var, kusini-mashariki, waliapa zaidi ya asilimia 90, Bas-Rhin, mpakani na Ujerumani, hata asilimia 10 haikufika. Kwa Tackett, kiapo kiligeuka kura ya maoni ya waumini wenyewe. Magharibi mapadre walikuwa wengi, wazaliwa wa vijiji vya huko huko, na waumini waliwabana wakatae. Mikoa ya kuzunguka Paris padre alikuwa mara nyingi peke yake, na akajiona mtumishi wa raia.

Hoja hii ina nguvu, lakini hesabu zake zina mtego. Wako walioapa kwa masharti, wakiyatenga mambo ya kiroho. Wako waliofuta kiapo baada ya Papa Pius VI kuilaani Katiba hiyo Machi na Aprili 1791. Kwa hiyo tarehe ya kuhesabu hubadili jibu, na shinikizo la waumini halipimiki kirahisi kama idadi ya majina. Tena ramani haitoshi kueleza dhamiri ya padre aliyengoja kwa miezi kauli ya Roma iliyochelewa.

Wanaolitetea Bunge wana haki ya kusikilizwa. Wafalme walikuwa wakiteua maaskofu tangu mapatano ya 1516 na Papa, na paroko maskini aliyekuwa akipata livre (fedha ya wakati huo) 700 kwa mwaka sasa aliahidiwa zisizopungua 1,200. Lakini maaskofu waliomba mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa kitaifa wakanyimwa, na askofu mpya alitakiwa kumwandikia Papa barua ya taarifa tu, bila kuomba kuthibitishwa. Nadhani hapo ndipo lilipo kosa kubwa. Mageuzi mengi yalivumilika. Kiapo kilimlazimisha kila padre achague mbele ya kijiji chake.

Mapatano ya 1801 kati ya Napoleon na Papa Pius VII yanaunga mkono maoni haya. Mishahara ya serikali ilibaki, mali iliyouzwa haikurudishwa, na majimbo yalipunguzwa zaidi, hadi 60. Safari hii Roma iliafiki, kwa kuwa iliulizwa.