Chama kiseme kinashiriki au hakishiriki

Kinachonikera katika chama changu cha upinzani, ambacho ada ya kadi yake nimeilipa kwa miaka mingi hapa Mbagala, ni viongozi kuwa na kauli mbili. Asubuhi, katika kikao cha ndani, wanatuambia kwamba hawataingia kwenye uchaguzi bila tume huru. Jioni, mbele ya waandishi wa habari, wanasema milango ya mazungumzo iko wazi na msimamo utatolewa wakati mwafaka. Wakati huo mwafaka ni upi? Vyama vingi vilirejeshwa mwaka 1992, na hadi leo ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa mgombea aliyetangazwa na Tume kuwa Rais, jambo ambalo chama kinachoutafuta urais kilipaswa kulipinga hadharani kwa sauti moja. Katibu wetu wa tawi, anayepita nyumba kwa nyumba Rangi Tatu akihimiza watu, akiulizwa msimamo wa chama anabaki kuumauma maneno, naye ndiye wa kwanza kulala mahabusu, si wakubwa wa makao makuu. Kama mnashiriki, tutangazieni tujiandae. Kama mnasusia, susieni wazi, tena leo.