Jenereta la jirani na kilima cha Kuznets

Juzi nimemsikiliza mtoa mada akirudia ile hadithi: tajirikeni kwanza, mazingira yatakuja kukaa sawa. Nyuma yake mchoro wa kilima, wenyewe wanakiita kilima cha Kuznets. Uchumi unakua, uchafu unapanda. Pato likifika mahali, uchafu unashuka. Makofi. Mimi nikakumbuka jenereta.

Niliwahi kupanga chumba nyuma ya nyumba ya tajiri. Jenereta lake alilifunga ndani ya ua, ila bomba la moshi alilipitisha ukutani likatokea kwetu, usawa wa dirisha langu. Kwake maua na hewa safi. Kwetu nguo nyeupe ulizianika kwa hasara. Ungepima hewa ya ua wake tu, ungeapa kwamba utajiri unasafisha mazingira.

Kinachoniudhi zaidi ni jina. Simon Kuznets, mchumi wa Marekani, mwaka 1955 aliandika juu ya pengo la kipato kati ya tajiri na maskini, wala si moshi. Waliopima uchafu ni wachumi wengine, Grossman na Krueger, 1991. Waliofuata wakachukua jina la mzee wa watu, pengo lake wakaliacha mlangoni! Na hao wawili, katika makala yao ya 1995, walionya kwamba hakuna sababu ya kuamini jambo hili linajiendea lenyewe. Onyo hilo kwenye mchoro wa juzi sikuliona.

Uchafu hupungua pale anayekohoa anapoweza kumbana anayechoma. Pengo likiwa pana, mwenye moshi ndiye mwenye namba ya simu ya mkubwa, na anayekohoa anaambiwa ahame kama hapendi. Niliambiwa hivyo hivyo, tena kwa upole.

Haya, nakubali shingo upande: London ilisafika. Lakini kwanza ulikuja ule ukungu wa moshi wa Desemba 1952. Ukaua maelfu, ukajaa hadi kwenye ukumbi wa opera, onesho likakatishwa. Sheria ya Hewa Safi ikapita 1956. Moshi ule haukuwa na ukuta wa kupenyezwa.

Hewa ya ukaa sitaki hata kuianza. Hiyo bomba lake linatokea kwa wajukuu.

Mzee wa jenereta? Siku ya sherehe ya binti yake upepo uligeuka, wingu lote likarudi kwenye mahema na sahani za pilau. Kesho yake asubuhi fundi alikuwa juu ya paa, anarefusha bomba.