Msitupe CD za programu kwa sababu kompyuta haina draivu

Ukiingia maduka ya kompyuta ya Ngamiani, Tanga, ukaulizia kompyuta mpakato mpya, utaonyeshwa nyembamba, nyepesi, isiyo na pa kuingizia CD. Hapo hakuna kosa. Kosa ni ushauri unaofuata mteja anapotoa bahasha yenye diski ya programu yake: "Hizo zimepitwa na wakati, tupa tu, nitakuwekea nyingine kutoka kwenye flashi." Kinachotoka kwenye flashi hiyo mara nyingi ni programu iliyovunjwa kufuli na kupita mikono isiyojulikana, na ndani yake mtu anakwenda kuweka hesabu za chama cha kuweka na kukopa au orodha ya duka la dawa. Mwenzetu alishalipia programu yake. Leseni ni yake, namba iko kwenye kasha. Anachokosa ni njia ya kuitoa kwenye diski, na njia hiyo si ngumu wala si ghali.

Ninachoshikilia ni hiki: usihangaike kusakinisha moja kwa moja kutoka kwenye diski. Toa nakala kamili ya diski mara moja, katika faili moja la ISO, kisha diski ipumzike. Na ifanyike mapema, maana huku pwani diski nazo zinaoza.

Kabla ya chochote, kagua diski. Ishike ukingoni, elekeza upande wa maandishi kwenye taa kali, utazame kwa upande wa chini. Ukiona vitundu vya mwanga kama vilivyotobolewa kwa sindano, tabaka la aluminiamu limeliwa hapo, na data ya sehemu hizo imekwenda. Wengi hulinda upande unaong'aa wakadharau ule wenye picha, kumbe kwa CD mambo ni kinyume. Unene wa CD ni milimita 1.2, karibu wote ni plastiki ya upande wa kusomea. Aluminiamu iko juu kabisa, imefunikwa na rangi na vanishi tu. Mkwaruzo wa chini unaweza kusuguliwa ukaisha. Mkwaruzo wa juu hautibiki, na vanishi ikishapasuka unyevu hupenya. DVD ina nafuu, kwa kuwa imeundwa kwa plastiki mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa pamoja, na aluminiamu imelala katikati.

Diski chafu ifute kwa kitambaa laini cha pamba kilicholowa maji safi kidogo. Ikiwa na mafuta, ongeza tone la sabuni ya vyombo. Futa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Data imeandikwa kwa mzunguko, hivyo mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta vipande vingi vilivyofuatana, na hesabu za kusahihisha makosa zilizomo ndani ya diski hushindwa. Mkwaruzo unaokata njia hugusa kidogo kidogo, na hesabu hizo huuziba. Petroli na thina zisiguse diski kabisa. Na kama kuna karatasi iliyobandikwa juu, iache, kwa sababu ukiibandua inaweza kuondoka na aluminiamu.

Sasa draivu. Si lazima kila mtu anunue. Draivu moja ya nje ya USB inatosha mtaa mzima, na kompyuta ya mezani ya zamani yenye draivu nzima inafaa vilevile: toa nakala huko, ibebe kwa flashi. Kwa draivu ya nje, tatizo kubwa ni umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na draivu inapoanza kuzungusha diski inaweza kutaka zaidi ya hapo. Dalili zake ni mlio wa tak-tak, taa kuwaka na kuzima, au draivu kutokea kwenye kompyuta kisha kupotea. Watu husema draivu mbovu, wakairudisha dukani. Jaribu kwanza tundu la USB 3.0, ambalo hutoa miliampea 900 na mara nyingi ni la buluu ndani. Waya ukiwa na vichwa viwili, chomeka vyote. Usipitishe kwenye kigawanya-USB kisicho na umeme wake.

Kutoa nakala kwenye Windows, programu ya bure ya ImgBurn inatosha. Chagua kutengeneza faili kutoka kwenye diski, taja pa kuhifadhi, anza. Kwenye Linux ni mstari mmoja:

dd if=/dev/sr0 of=programu.iso bs=2048

Msikubali njia ya mkato ya kunakili mafolda kwenda kwenye flashi. Programu kadhaa hukagua jina la diski yenyewe kabla ya kuendelea, na jina hilo halihami pamoja na mafolda. ISO hulibeba. Isipokuwa CD yenye data na muziki kwa pamoja, kama michezo mingi ya miaka ya 1990 na baadhi ya kozi za lugha: ISO hubeba sehemu ya data tu, sauti zinabaki. Hiyo itolewe kwa BIN na CUE, jozi ya mafaili inayobeba data na sauti pamoja.

CD hujaza hadi MB 700, DVD ya tabaka moja GB 4.7, ya matabaka mawili GB 8.5. Hapa ndipo flashi huwachanganya watu: ina GB 32 tupu, lakini inakataa faili la GB 4.3. Flashi hiyo iko katika mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4. Iformati upya kwa exFAT, ukishahamisha vilivyomo.

Usomaji ukikwama, usiache draivu ikisaga saa nzima kwenye sehemu ileile. Punguza kasi hadi 4x, au tumia ddrescue ya Linux, inayochukua kwanza sehemu nzima zote kisha kurudi kwenye zilizo mbovu. Diski ikigoma kabisa, ihamishie draivu nyingine. Lenzi hutofautiana kweli, na diski iliyokataliwa huku mara nyingine husomeka kule.

Faili likishapatikana, lihakiki. Soma diski mara mbili, kisha kwa kila faili andika certutil -hashfile programu.iso SHA256 kwenye dirisha la amri. Amri hiyo hutoa namba ndefu ya utambulisho wa faili. Namba za mafaili mawili zikilingana, usomaji ulikuwa thabiti. Namba ya leseni iandike kwenye faili la maandishi katika folda hiyohiyo na upige picha kasha. Nakala isiyo na namba yake haikufikishi popote.

Kusakinisha kwenyewe ni kwepesi. Tangu Windows 8, ukibofya ISO mara mbili inatokea kama draivu yenye herufi yake. Kwa Windows 7 weka WinCDEmu, ambayo hufungua BIN na CUE pia. Nakili ISO kwenye diski ya ndani, ifungue, bofya setup kwa kitufe cha kulia na uiendeshe kama msimamizi. Usiipeleke ndani ya Program Files. Itengenezee folda yake, mfano C:\Zamani, kwa kuwa programu za zamani hupenda kuandika data yao palepale zilipo na Windows ya leo hairuhusu hivyo ndani ya Program Files.

Programu yenye diski mbili au tatu ina mtego wake. Kisakinishi kinasimama katikati na kuomba diski ya pili. Unafungua ISO ya pili, inapewa herufi F, wakati chenyewe kinaendelea kuitafuta E. Unabofya OK, kinaomba tena, mpaka ukate tamaa. Ondoa ISO ya kwanza kwa "Eject", ndipo ufungue ya pili. Kwa kawaida itachukua herufi ileile. Ikikataa, ibadilishe herufi kwenye Disk Management.

Zipo kuta ambazo ISO haizivuki, na fundi mwaminifu amwambie mteja mapema. Programu za biti 16, za enzi ya Windows 3.1, haziendeshwi na Windows ya biti 64, na Windows 11 ni ya biti 64 tu. Wakati mwingine programu yenyewe ni ya biti 32 ila kisakinishi chake ndicho cha biti 16. Michezo iliyofungwa kwa SafeDisc, kinga ya kuzuia kunakili, haitafunguka kwenye Windows 10 na 11, kwa kuwa Microsoft iliiacha draiva yake, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia. Programu inayodai .NET 3.5, kipengele cha Microsoft ambacho baadhi ya programu hukitegemea, haina shida: iwashe kwenye orodha ya vipengele vya Windows ukiwa na intaneti.

Wanaostahili kuangaliwa zaidi ni mafundi wa kutarizi, wanaoshona nembo za sare za shule kwa cherehani za kompyuta. Programu nyingi za kazi hiyo hutaka ufunguo wa USB, kifaa kidogo cha kuthibitisha leseni, uchomekwe, na draiva ya ufunguo ikiwa ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64 kwa namna yoyote. Dawa ni VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta yako: ndani yake sakinisha Windows ya biti 32 yenye leseni, ipe RAM ya GB 1 hadi 2, izimie mtandao, kisha ukabidhi ufunguo huo wa USB kwa kompyuta hiyo ya ndani. Ukilinganisha na bei ya programu mpya ya kutarizi, nusu siku ya kazi hiyo inalipa.

Diski za printa, kwa upande mwingine, msizipotezee muda. Draiva mpya iko kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Maduka yetu yaifanye hii kuwa huduma yenye bei, kwa kila diski, mteja akiwepo, na fundi asibaki na nakala. Mwenye lundo aanze na diski zilizochomwa nyumbani au ofisini. Hizo huandikwa kwenye rangi inayofifia kwa joto na mwanga, na huwahi kufa kuliko zile zilizotoka kiwandani zikiwa zimepigwa chapa.