Ubingwa wa Waendeshaji wa Ligi Haukuwa Bonanza

Kuna jamaa tunabishana naye spidiwei, zile mbio za pikipiki za kuzunguka uwanja wa mviringo, karibu kila wikiendi, na safari hii ameniudhi kweli. Tulikuwa tunapima nani zaidi kati ya waendeshaji wawili wa New Zealand, Barry Briggs na Ivan Mauger. Nikataja mataji sita ya waendeshaji wa ligi aliyobeba Briggs. Akanijibu kwamba hayo hayahesabiki, kwamba ubingwa wa waendeshaji wa British League, ligi ya timu za Uingereza, ulikuwa bonanza tu la kufungia msimu. Bonanza! Na aliyesema hivyo ni mtu anayeujua mchezo huu, ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Twende Hyde Road, uwanja wa timu ya Belle Vue, Manchester, mwaka 1965. Msimu uliotangulia ulikuwa wa ugomvi mtupu, Provincial League, ligi ya daraja la chini, wakiendesha mbio zao nje ya mamlaka ya mchezo. Hatimaye wakapatana, ligi mbili zikaungana, British League ikazaliwa. Mwisho wa msimu vinara wa timu wakakutanishwa hapo usiku mmoja ili ajulikane nani mbabe wa ligi nzima. Briggs wa timu ya Swindon akachukua. Mwaka uliofuata akachukua tena, na akaendelea kuchukua mpaka 1970, miaka sita mfululizo.

Sasa weka pembeni yake orodha ya mabingwa wa dunia wa miaka hiyohiyo: Björn Knutsson 1965, Briggs mwenyewe 1966, Ove Fundin 1967, halafu Mauger 1968, 1969 na 1970. Miaka mitatu Mauger anatawala dunia, na miaka yote mitatu taji la ligi linakwenda Swindon. Misimu ya 1969 na 1970 Mauger alikuwa wa Belle Vue, kwa hiyo taji lilikuwa linashindaniwa kwenye uwanja wake wa nyumbani, na bado halikubaki pale. Mauger alikuja kumaliza na mataji sita ya dunia na mawili ya ligi, 1971 na 1973, na hata mara moja hakuyabeba yote mawili katika mwaka mmoja. Kama lilikuwa jambo la kupita tu, mtu mwenye kiu ya ushindi kama Mauger angelikosa mara zote hizo?

Tena usiniambie ubingwa wa dunia ndio kipimo pekee: nafasi za fainali yake ziligawanywa kwa kanda, kwa hiyo wakali wengi walitoana wao kwa wao njiani kabla fainali haijafika.

Kinachonifanya niupende ubingwa ule kuliko mwingine wowote, hata hivyo, ni mpangilio wake. Waendeshaji ni 16. Mbio ni 20, kila moja watu wanne, mizunguko minne. Kila mtu anakimbia mara tano, na kila anapotoka anakuta wapinzani watatu ambao hajakutana nao usiku huo. Tano mara tatu ni 15, na wapinzani alionao ni 15 kamili. Kila mmoja anakutana na kila mmoja, mara moja tu. Hakuna kundi la kifo, hakuna kundi la mteremko, hakuna kumkwepa mtu. Mageti manne ya kuanzia nayo yanazungushwa, ili asipatikane mtu wa kukaa geti la ndani usiku kucha. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaondoka mikono mitupu.

Na chombo chenyewe ni pikipiki ya cc 500, gia moja, breki hakuna. Utepe wa kuanzia mbio ukiruka, mkono uliochelewa kuachia klachi umeshamgharimu mwenyewe, kwa sababu kona ya kwanza ipo hapohapo na wote wanne wanaitaka. Ukianguka kwenye mbio yako ya pili, ile sifuri utakuwa nayo mpaka mbio ya 20, na huna pa kuifidia.

Zile programu za zamani zinazouzwa kwenye meza za kumbukumbu viwanjani zimejaa maandishi ya penseli. Visanduku vya tatu, mbili, moja, sifuri, na herufi F kwa aliyeanguka. Mashabiki walikuwa wanajumlisha wenyewe jukwaani. Ikifika mbio ya 16 kila mtu anajua nani ana pointi ngapi, nani bado hajakutana na nani, na nani akimshinda nani kombe linahama. Huo ndio utamu, unapanda taratibu saa mbili nzima.

Siku hizi mbio 20 hizo zimegeuzwa kuwa mchujo. Grand Prix, mfululizo unaoamua bingwa wa dunia, kuanzia 2005 hadi 2024 ilikimbiza mbio 20 na kisha kuongeza nusu fainali na fainali, na tangu 2020 anayeshinda fainali ndiye anayebeba pointi nyingi kuliko wote, hata kama kabla ya hapo alivuka mchujo kwa kuchechemea. Mashindano ya waendeshaji wa ligi za Uingereza nayo yakaingiza nusu fainali na fainali. Mtu anawapiga wote 15, kila mmoja uso kwa uso, halafu anaambiwa akimbie tena dhidi ya watatu aliokwisha kuwashinda, na akiteleza hapo si bingwa. Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba mbio moja ya mwisho inapandisha presha na televisheni inaipenda. Presha haithibitishi nani bora.

Dhuluma ya namna hii ina historia. Fainali ya kwanza ya dunia, Wembley 1936, Bluey Wilkinson wa Australia alishinda mbio zake zote tano. Alimaliza wa tatu. Waandaaji walikuwa wamejumlisha pointi za bonasi kutoka hatua za awali, kwa hiyo Lionel Van Praag na Eric Langton wakawa na 26 kila mmoja na Wilkinson 25. Van Praag akashinda mbio ya kuamua. Hakuna mtu aliyemshinda Wilkinson usiku ule. Hesabu ya makaratasi ndiyo iliyomshinda, na alisubiri mpaka 1938 kupata taji alilostahili.

Jamaa yangu ana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba kuanzia 1965 hadi 1987 shindano lilifanyika uwanja uleule, na wenyeji, yaani waendeshaji wa Belle Vue, walinufaika. Walishinda mara nne katika 23: Mauger mara moja (1973 hakuwa tena wa Belle Vue), Peter Collins mara mbili, Chris Morton mara moja. Si kidogo, lakini si utawala. Ya pili ni kwamba wakali wa Poland wengi hawakuwa kwenye ligi ya Uingereza. Kweli. Jerzy Szczakiel wa Poland alimtoa Mauger kwenye mbio ya kuamua ya fainali ya dunia pale Chorzów mwaka 1973.

Na hatujagusa daraja la pili, lililokuwa na shindano lake tangu 1968. John Louis alilishinda 1971, akapanda daraja na timu yake ya Ipswich, na 1979 akabeba la daraja la kwanza Hyde Road. Phil Crump alilishinda 1972 akiwa na timu ya Crewe, na mwanawe Jason akaja kuwa bingwa wa dunia mara tatu. Vijana walijulikana hapo.

Hans Nielsen wa Oxford ndiye wa mwisho kulitwaa Hyde Road, 1987, mwaka ambao pia alikuwa bingwa wa dunia, kama ilivyokuwa 1986. Ole Olsen alifanya hivyo 1978, Erik Gundersen 1985. Hao ndio watu waliokuwa wanashinda hilo linaloitwa bonanza.

Ninachowaomba waandaaji ni kimoja. Futeni nusu fainali na fainali kwenye ubingwa wa waendeshaji wa ligi, mrudishe mbio 20 tupu. Wawili wakifungana kileleni, wakimbie mbio moja ya kuamua. Anayefikisha 15 apewe kombe papo hapo.