Nani Yumo Kwenye Simu ya Mwalimu?

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika mwaka 2024, sisi walimu wa Dodoma tumekuwa tukitegemea sana makundi ya WhatsApp kupeana maazimio ya kazi, maandalio ya somo na maswali ya mitihani. Baadhi ya wenzangu wanasisitiza kwamba kila mwalimu aupanue kwa makusudi mtandao wake wa kujifunzia, uwe na watu wa wilaya, lugha, jinsia na hali tofauti za mwili. Wengine wanaona kwamba huko ni kugawana viti, na kujifunza hakuhitaji viti.

Hawa wa pili wana hoja. Mtu hujifunza akikiri kwamba hajui, na si rahisi kukiri mbele ya watu mia mbili asiowafahamu. Kwa wenzako sita mliosoma chuo kimoja, swali la aibu hupata jibu kabla ya kipindi kinachofuata. Tena bando ni fedha.

Wanaotetea mchanganyiko humtaja Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, ambaye mwaka 1973 alionyesha kwamba miongoni mwa watu 54 waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana naye mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Takwimu hizi nimezigeuzageuza muda mrefu. Watu 54 ni wachache, na kilichopimwa ni kupata kazi, si kujua kufundisha sehemu na desimali. Isitoshe, kundi kubwa zaidi ni lile la katikati, ambalo ni pana mno: linaanzia kwa wanaoonana zaidi ya mara moja kwa mwaka na kuishia kwa wasiofikisha mara mbili kwa wiki. Basi hazithibitishi kwamba mtu baki ndiye mwalimu bora. Kinachobaki na uzito ni maelezo ya Granovetter: wa karibu yetu wanajua yale yale tunayoyajua, kwa sababu wameyasikia pale pale tulipoyasikia sisi. Hapo ndipo watetezi wa mchanganyiko wanapoeleweka vibaya, kana kwamba wanaomba hisani kwa ajili ya walioachwa nje, ilhali anayepungukiwa ni aliye ndani.

Mwalimu wa mjini akipangiwa Kwa Mtoro, wilayani Chemba, atakuta watoto wanaozungumza Kisandawe, lugha yenye vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi kinywani, isiyo ya Kibantu. Mtoto wa darasa la kwanza akinyamaza, sita waliosoma chuo kimoja watakubaliana upesi kwamba ni mzito wa kuelewa. Mwalimu mzawa wa huko ataeleza kwamba mtoto bado anakitafuta Kiswahili. Ila naye asigeuzwe msemaji wa Wasandawe wote, kosa ambalo wapenda mchanganyiko hulifanya mara nyingi.

Kuingizwa kundini nako si kushirikishwa. Kwetu tulikuwa na mwalimu wa hisabati asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Kwa miezi kadhaa tulituma nyaraka na maandalio kama picha, na kila tulipotuma, simu yake ilitamka neno moja, "picha", kisha kimya. Jina lake lilikuwamo kundini, yeye hakuwamo. Alipotueleza, tulianza kuchapa maneno, kazi ya dakika tano au kumi, na wapo walionung'unika.

Wiki chache baadaye mmoja wetu alituma rekodi ya kipindi chake akiomba maoni. Sisi wenye macho tulisifia ubao. Yeye aliandika kwamba katika kipindi kizima amesikia "hii ukijumlisha na hii, unapata hii", wala hajui ni namba zipi. Nilipoingia darasani kesho yake nilizitaja namba zote kwa majina yake, na wanafunzi wa dawati la nyuma kabisa, ambao ubao hawauoni vizuri na hawakuwahi kuniambia, wakaanza kunyoosha mikono.