Ng'ombe tindigani: waondolewe, au waachiwe mwinuko wa kukimbilia?

Mafuriko yakishazoa mifugo, lawama humwangukia mfugaji: alifuata nini tindigani? Alifuata jani bichi. Kiangazi kikikausha nyika, tindiga, yaani ardhi oevu, ndiyo inayobaki na malisho, maana maji yanapopwa huacha udongo wenye unyevu na rutuba. Huko Sudd, Sudan Kusini, Wadinka huyaita malisho hayo toic, nao hushuka huko na mifugo kiangazini na kurudi sehemu za juu mvua zikianza.

Utaratibu huo unataka mambo mawili: kujua maji yatakuja lini, na kuwa na mahali pa juu pa kukimbilia. La kwanza tabianchi imelivuruga. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida, mvua zikamiminika Afrika Mashariki. Sudan Kusini ikafurika miaka minne mfululizo, na kwingine maji yalikuwa hayajapwa mengine yakaja juu yake. Malisho ya kiangazi yakageuka ziwa.

Wanaotaka mifugo iondolewe hawabahatishi. Mayai ya mbu wa Aedes huweza kukaa miaka kwenye udongo mkavu yakiwa na virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Mafuriko huyaangua, kondoo na mbuzi wakaanza kutupa mimba kwa wingi. Milipuko ya 1997–98 na 2006–07 ilifuata mvua kubwa, na watu pia walikufa. Konokono wa majini nao hueneza minyoo ya ini. Na ukiinua mguu wa ng'ombe aliyesimama topeni siku kadhaa, utakuta ngozi ya katikati ya kwato imelainika na kupasuka, na ule uvundo hausahauliki. Akikosa pakavu halali, asipolala hacheui vizuri, na maziwa yanapungua.

Lakini kuondoa nako kumejaribiwa. Tanzania iliwahamisha wafugaji wa bonde oevu la Usangu mwaka 2006 na 2007 ili kuunusuru mto Ruaha Mkuu. Mto uliendelea kukauka kiangazi, kwa sababu mifereji ya mashamba ya mpunga nayo ilikuwa inakunywa maji yale yale.

Wengine husema abadilishwe mnyama, kama kaya za Bangladesh zinazofuga bata badala ya kuku. Sawa, ila bata hatoi mahari.

Mimi naona tunabishania tindiga ilhali kilichopotea ni mwinuko. Vile vilima vya ardhi kavu ambako mifugo ilipumzikia vimelimwa na kuzungushiwa uzio, na njia za kuvifikia zimezibwa. Viwili vitatu vikitengwa kisheria vitaokoa ng'ombe wengi kuliko operesheni ya kuwafukuza.

Chanjo ya homa ya Bonde la Ufa nayo ina wakati wake. Ikitolewa mlipuko ukishaanza, sindano inayotoka mnyama mmoja kwenda mwingine huweza kusambaza virusi. Daktari wa mifugo anatakiwa afike vumbi likiwa bado linatimka, kipindi ambacho ni vigumu kumshawishi yeyote atoe fedha za mafuriko.