Mto Chini ya Goti

Mama yangu alipokatwa mguu wa kulia chini ya goti, kosa la kwanza tulilolifanya sisi wanawe lilikuwa kumwekea mto. Alikuwa amerudi nyumbani kijijini, nje kidogo ya jiji la Dodoma, kigutu kikiwa bado kimefungwa bendeji, na kila aliyeingia chumbani alimkuta anaugulia akatafuta namna ya kumpa nafuu. Tukauweka mto laini chini ya goti, goti likakunjika kidogo, maumivu yakatulia, nasi tukalala tukiamini kuwa tumetenda jema. Mto ule ulikaa pale usiku na mchana kwa wiki sita. Siku tulipompeleka kupimwa mguu bandia, mtaalamu alilishika goti akajaribu kulinyoosha, likakataa. Misuli na kano za nyuma ya goti zilikuwa zimefupika kwa kuzoea kukunjwa, na goti lisilonyooka halimwezeshi mtu kusimama sawasawa juu ya mguu bandia. Tulirudishwa nyumbani na mazoezi ya miezi mitatu.

Karatasi ya kumruhusu ilikuwa imetaja dawa, tarehe ya kutoa nyuzi na siku ya kurudi kliniki, lakini haikuwa na neno hata moja kuhusu namna ya kulaza mguu. Nalitaja hilo kwa sababu ni upungufu unaorekebishika kwa mazungumzo ya nusu saa na yule ndugu atakayemuuguza mgonjwa nyumbani. Hata hivyo, kwa muda wote uliopita tangu hapo, nimezidi kuuona mto ule katika mambo mengine mengi tuliyomfanyia, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii. Naamini kwamba sisi tunaompenda mtu aliyepoteza kiungo ndio wa kwanza kumkunja, kwa upole na kwa nia njema, mpaka siku anapotaka kunyooka anakuta hawezi.

Kilichomkata Mama mguu ni kisukari. Watu wakimwona na magongo huuliza kama ilikuwa ajali ya bodaboda, na wakijibiwa kuwa ni kisukari hutikisa kichwa na kusema kwamba sukari ina madhara, kana kwamba mguu ni malipo ya ulafi. Mama amekula ugali wa uwele na mlenda tangu utotoni, na chai ya sukari kwake ilikuwa ya wageni. Kisukari kikikaa mwilini kwa miaka bila kudhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu ya miguu hadi mtu asihisi jeraha, na hubana mishipa ya damu hadi jeraha lishindwe kupona. Mwiba wa mgunga ulipenya katambuga yake akiwa shambani, naye akatembea nao kutwa nzima pasipo kuusikia. Jioni mjukuu ndiye aliyeona damu kwenye mkeka. Kidonda kilianza kama punje ya mtama, na kufikia wakati tulipokubali kwamba dawa za kupaka hazitoshi, vidole viwili vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi.

Aliyekatwa mguu kwa ajali huacha ajali barabarani, lakini aliyekatwa kwa maradhi huenda nayo nyumbani. Mguu uliobaki unabeba uzito wa mwili wote huku nao ukiwa na ganzi ileile, hivyo uko hatarini zaidi kuliko zamani, na usipokaguliwa kila siku unaweza kufuata njia ya mwenzake. Kwa hiyo kila usiku mjukuu huyo huyo humshikia bibi yake kioo chini ya wayo, na wawili hao hutazama katikati ya vidole, kisigino na kingo za kucha. Katika mambo yote tuliyoyapanga baada ya upasuaji, hili ndilo pekee ambalo Mama mwenyewe alilianzisha.

Kuna jambo lililomtesa kuliko kidonda chenyewe, nalo ni maumivu ya mguu ambao haupo. Usiku wa manane alikuwa akiamka akilalamika kwamba vidole vya mguu uliokatwa vinawaka moto, mara vimejikunja na havikunjuki. Jirani mmoja alisema mguu haukuzikwa vizuri na akashauri ufukuliwe, kaka yangu akaanza kuulizia nauli ya kumfuata mganga, na Mama aliposikia minong'ono hiyo akaacha kusema. Aliumia kimya kwa majuma kadhaa kwa kuogopa kuonekana amerukwa na akili au amerogwa. Tulikuja kuelezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwamba ubongo huendelea kuutambua mguu kama zamani hata baada ya kukatwa, na mishipa iliyokatwa huendelea kupeleka taarifa, hivyo maumivu ni ya kweli kabisa na huwapata wengi waliokatwa viungo. Alimfundisha kukaa na kioo kirefu kati ya miguu, akiutazama mguu mzima ndani ya kioo kana kwamba ndio ule uliokatwa, kisha kuusogeza taratibu na kuvikunjua vidole. Si kila mtu hupata nafuu kwa njia hiyo, lakini Mama aliipata, na nina hakika kwamba nusu ya nafuu ile ilitokana na kuambiwa mbele yetu sote kwamba hasemi uongo.

Sasa nirudi kwenye mito yetu mingine. Kabla ya kuugua Mama alikuwa na ekari moja ya zabibu, akiipogoa kwa mkono wake na kuvuna mara mbili kwa mwaka, na alikuwa mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, cha wanawake wa mtaa. Alipokuwa wodini, shamba tulilikodisha kwa jirani bila kumuuliza, tukijiambia kwamba tunampunguzia mawazo. Wenzake wa kikoba walikuja kumpa pole, wakaleta unga, mchele na kuku, wakasali naye, na walipoaga wakaondoka na daftari ili apumzike. Kanisani alitengewa kiti cha mbele karibu na mlango na hakupangwa tena katika zamu yoyote. Hata kuchambua mchicha alizuiwa. Kila aliyefika aliamkia mbukwa, salamu ya Kigogo, akaketi, akashusha pumzi na kusema pole, na mwaka ukaisha Mama akiwa amepokea pole nyingi mno bila mtu kumwomba ushauri wa jambo lolote. Mwanamke aliyekuwa akijua deni la kila mama wa mtaa huo kwa kichwa alikuwa amebaki kuulizwa kama amekunywa uji.

Nilipopata habari kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kwamba asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu, nilimweleza Mama jioni tukiwa tumekaa nje. Kaka yangu alijibu kabla yake: "Mama hana shida ya mkopo, sisi tupo." Mama aliinamisha kichwa, nami sikusema kitu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtu kupata huduma za utengamao, yaani za kumrejeshea uwezo wa kujitegemea, na kufanya kazi, na nchi yetu imekuwa na chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia pale Moshi tangu mwaka 1981, lakini sheria na mafundi hao hukwama mlangoni kwetu, kwa watoto wanaojibu kwa niaba ya mama yao.

Mguu bandia ulipopatikana, baada ya goti kunyooka na ng'ombe wawili kuuzwa, niligundua kwamba nilikuwa nimeufikiria kama kiatu, kitu cha kununua na kuvaa. Kigutu huendelea kusinyaa kwa miezi mingi, kwa hiyo soketi, yaani sehemu ya juu ya mguu bandia inayopokea kigutu, iliyobana Januari inapwaya ifikapo Juni, na mvaaji anaongeza soksi moja, kisha mbili, mpaka alazimike kutengenezewa soketi nyingine. Jasho na vumbi letu jekundu vikiingia ndani, ngozi inachubuka, na kwa mwenye kisukari mchubuko ni jambo la kutishia. Choo cha shimo ni mtihani wa kila asubuhi, kwa sababu wayo usiokunja kifundo haumruhusu mtu kuchuchumaa, hivyo fundi seremala wa kijijini alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, na kiti hicho kimempa Mama heshima kuliko zawadi zote alizoletewa. Ningependa wanaopanga huduma hizi wafahamu kwamba safari ya kurekebisha soketi, pamoja na nauli, bajaji na siku nzima ya kusubiri, ndiyo inayowafanya wengi waurudishe mguu uvunguni. Mafundi wakifika kwenye hospitali za wilaya hata mara moja kwa miezi mitatu, miguu mingi ingetoka uvunguni.

Mwezi wa saba Mama alisema anataka shamba lake. Hakuomba. Alituita wote, akasema mkataba wa jirani unaisha baada ya mavuno na hautaongezwa, na kwamba atapogoa akiwa amekaa kwenye kigoda, mstari kwa mstari, na pale asipofika atalipa kibarua kwa fedha yake. Kaka yangu alifungua kinywa, nami nilimgusa mkono. Kisha Mama akanituma kwa mwenyekiti wa kikoba kumchukulia daftari lake. Alilifungua chini ya mwembe, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu za majina, akakuta hesabu za miezi kumi hazijafungwa. Akaomba kalamu.